Nguvu ya Uzi Si Nguvu ya Mshono

Katika vyumba vya upasuaji, katika vikao vya kununua vifaa vya hospitali, na hata miongoni mwa ndugu wanaosubiri nje barazani, kuna rai moja inayosemwa kwa uhakika mkubwa: kano ya kidole ikikatwa, ishonwe kwa uzi wenye nguvu kuliko zote, nayo itashika. Rai hiyo ina ushahidi wake. Uzi hubanwa kwenye mashine, huvutwa mpaka ukatike, na namba iliyosomeka unapokatika huchapwa kwenye karatasi za mauzo. Wenye namba kubwa ndio unaosifiwa.

Ninaipinga rai hiyo, na ningependa kuipinga kwa haki, kwa kuwa wanaoishikilia ni watu wenye akili zao na sababu zao si za kubuni. Ila imetufanya tupime uzi wakati tulipaswa kupima mshono. Tofauti ya vitu hivyo viwili inaweza kuwa ndiyo tofauti ya mtu anayeweza kushika jembe, sindano au usukani na mtu asiyeweza.

Tuanze na mahali penyewe. Misuli mikuu inayokunja vidole haimo ndani ya vidole. Iko kwenye kigasha, na nguvu yake hupitishwa na kano ndefu zinazovuka kifundo cha mkono, zikapita kiganjani, kisha zikaingia ndani ya ala nyembamba inayozishikilia karibu na mfupa. Kila kidole, ukiacha gumba, kina kano mbili za kukunja. Kwa umbali mfupi, tangu mstari wa juu wa kiganja mpaka kwenye pingili ya kati, zote mbili hubanana ndani ya ala moja. Panga lililoteleza, chupa iliyopasuka, ukingo wa bati: hivyo ndivyo kano nyingi hukatwa hapo. Sterling Bunnell, daktari wa San Francisco aliyeweka misingi ya upasuaji wa mkono nchini Marekani, aliliita eneo hilo uwanja usio na mwenyewe. Alishauri kano zisiunganishwe hapo siku ya ajali. Ngozi ifungwe, na baadaye ipandikizwe kano iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili. Ushauri huo ulitawala kwa miongo kadhaa, mpaka miaka ya 1960, Claude Verdan wa Lausanne na Harold Kleinert wa Louisville, Kentucky, walipoonyesha kwamba kushona mapema kunaweza kuleta kidole kinachofanya kazi.

Kilichowatisha watu wa zama za Bunnell hakikuwa kukatika kwa uzi peke yake. Kano inapopona, kovu lake huota pande zote, likaigandisha kano kwenye ala, na kidole kikabaki kigumu hata kama mshono haukuachia. Dawa ya kugandana ni kukitembeza kidole mapema, ndani ya siku chache baada ya upasuaji. Lakini kila mtembeo unauvuta mshono ambao bado ni mchanga. Ugumu wote wa kazi hii umo humo: mshono lazima ushike, na papo hapo lazima uteleze.

Hapo ndipo rai ninayoipinga inapopata mashiko, na yapo mambo ninayoikubalia bila kusita. Nyuzi hukatika kweli. Zipo kano zinazoachana wiki za mwanzo, na mgonjwa hurudishwa mezani kwa upasuaji mgumu kuliko ule wa kwanza. Pia ni kweli kwamba aina ya uzi si jambo la kupuuza. Uzi wa poliglaktini, ambao huyeyuka mwilini, hubaki na takriban nusu ya nguvu yake baada ya wiki 3, wakati kano huhitaji takriban miezi 3 kabla ya kuruhusiwa kazi nzito. Kwa mshono mkuu wa kano ya kidole, uzi huo haufai. Unene nao una maana. Uzi wa namba 4-0 huanzia kipenyo cha milimita 0.15, na wa 3-0 huanzia milimita 0.20. Tofauti inaonekana ndogo, lakini eneo la mkato wake huongezeka kwa karibu asilimia 78, na uwezo wa kubeba mzigo huongezeka pia. Kwa hiyo anayesema uzi usichaguliwe ovyo anasema kweli tupu.

Lakini kutoka hapo mpaka kusema kwamba uzi wenye nguvu zaidi ndio utakaotoa mshono wenye nguvu zaidi, kuna hatua ambayo ushahidi hauibebi. Hoja zangu ni hizi.

Kwanza, mshono hauachii pale ambapo mashine iliuvuta uzi. Uzi mtupu ukivutwa, nyuzinyuzi zake zote hubeba mzigo kwa pamoja mpaka zikatike. Uzi ulio ndani ya kano una fundo, na fundo hupinda, hujibana na huukandamiza uzi mahali pamoja; mara nyingi uzi hukatikia hapo au kando yake. Watunga viwango vya nyuzi za upasuaji walilijua hilo zamani, na ndiyo maana vipimo vyao rasmi hufanywa uzi ukiwa umefungwa fundo. Kwa nyuzi laini zinazoteleza, fundo linaweza hata lisikatike bali lijifungue polepole. Nyuzi za kisasa za polietilini nzito, zinazosifiwa kuliko zote kwa nguvu, zinajulikana kwa tabia hiyo, na mpasuaji hulazimika kurudia mizunguko ya fundo kuliko alivyozoea.

Kuna namna nyingine ya kuachia, na hii ndiyo ninayotaka tukae nayo zaidi. Kano imejengwa kwa nyuzinyuzi za kolajeni zilizolala sambamba, zote zikielekea upande mmoja, upande ule ule ambao nguvu huvuta. Muundo huo huifanya kano kuwa imara sana kwa kuvutwa, lakini huifanya iwe dhaifu kwa kitu kinachopita katikati ya nyuzinyuzi zake. Uzi uliopitishwa kwa urefu bila kushika fungu lolote huteleza nje kati ya nyuzinyuzi bila kukatika na bila fundo kufunguka. Hata ukishika, ukiwa mwembamba na wenye nguvu nyingi, huikereza kano jinsi waya wa muuza duka unavyoupitia mche wa sabuni. Waya ule haujakatika, na wala hautakatika. Kilichokatika ni sabuni. Maabara nyingi zilizojaribu nyuzi za polietilini kwa mishono ya kawaida ziliona jambo hili: uzi ulipoacha kukatika, mishono iliachia kwa kuchomoka. Udhaifu haukuondoka, ulihama kutoka kwenye uzi kwenda kwenye kano, na nguvu iliyoongezwa kwenye uzi baada ya hapo haikuwa na pa kwenda.

Kinachosaidia hapo ni jinsi uzi unavyoishika kano. Kitanzi kinachozunguka fungu la nyuzinyuzi na kulifunga, ili kikivutwa kilibane badala ya kuteleza, hushika kuliko kitanzi kinachopita tu. Umbali kutoka ukingo uliokatwa hadi kitanzi nao ni muhimu. Kati ya milimita 7 na 10 kila upande ndio unaopendekezwa sasa, kwani kitanzi kilicho karibu mno na ukingo kina nyama kidogo ya kushikilia. Hakuna karatasi ya mauzo inayoweza kukueleza hayo, maana hayamo ndani ya uzi.

Pili, idadi ya nyuzi zinazovuka mkato ina uzito kuliko jina la uzi. Mwaka 1985, Robert Savage alichapisha majaribio aliyofanya nchini Uingereza kwa kano za nguruwe, akionyesha mshono wenye nyuzi 6 zinazovuka kutoka ncha moja hadi nyingine. Mshono uliozoeleka, ule unaofuata njia ya Kessler, ulikuwa na nyuzi 2. Baadaye James Strickland wa Indianapolis alikusanya matokeo ya wengi akatoa makadirio yaliyotumika kufundishia kizazi kizima: siku ya upasuaji, mshono wa nyuzi 2 hubeba takriban kilo 2.5, wa nyuzi 4 takriban kilo 4.3, na wa nyuzi 6 takriban kilo 6.

Namba hizo ziwekwe kando ya kazi ambayo kano hufanya. Mwaka 1992 Frédéric Schuind na wenzake walichapisha vipimo walivyovichukua ndani ya mikono ya watu waliokuwa wakifanyiwa upasuaji wa kifundo cha mkono, wakiwa macho. Kidole kikitembezwa na mtu mwingine, kano ilibeba hadi kilo 0.9. Mgonjwa akikikunja mwenyewe bila kushika kitu, hadi kilo 3.5. Akibana kitu kwa ncha za vidole, hadi kilo 12. Ukizilinganisha, utaona mshono wa nyuzi 2 unaruhusu kidole kitembezwe lakini hauruhusu mgonjwa akikunje mwenyewe kwa usalama. Nyuzi 4 zinafungua mlango huo siku ile ya kwanza. Na kubana kitu kwa nguvu hakuvumiliwi na mshono wowote kati ya hiyo, uwe umeshonwa kwa uzi gani. Uamuzi uliobadilisha hali ya mgonjwa hapo ni wa mkono wa mpasuaji: apitishe mara mbili au mara nne.

Tatu, kukatika si kipimo cha kwanza cha kushindwa. Kabla mshono haujakatika, ncha mbili za kano huanza kuachana. Richard Gelberman na wenzake walichapisha mwaka 1999 utafiti wa kano za mbwa zilizoshonwa na kuachwa zipone hadi wiki 6. Zile ambazo pengo lake halikuzidi milimita 3 ziliongezeka nguvu kadiri muda ulivyopita. Zile zenye pengo kubwa zaidi hazikuongezeka nguvu kwa kiasi cha maana, ingawa uzi wake ulikuwa bado uko mahali pake. Kano hizo, kwa macho ya mtu anayehesabu nyuzi zilizokatika, zingeandikwa kuwa zimefaulu.

Sasa fikiria nyuzi mbili. Mmoja unavutika sana kabla ya kukatika, kama polipropilini; mwingine haunyooki kirahisi, kama poliesta iliyosukwa. Mashine inaweza kuzipa namba zinazokaribiana, lakini ule unaonyooka utakuwa umeruhusu pengo zamani. Ndiyo maana jaribio lenye faida huandika mzigo uliofungua pengo la milimita 1, kisha la milimita 2, kabla ya kuandika mzigo wa mwisho. Na ndiyo maana mshono mwembamba unaozungushwa pembezoni mwa kano, kwa uzi wa 5-0 au 6-0 ambao peke yake ungeonekana dhaifu mno, una thamani kubwa. Hulaza ncha vizuri, huchelewesha pengo, na huongeza nguvu ya mshono mzima. Ikiwa rai ya uzi wenye nguvu ingekuwa kweli, uzi huo mwembamba usingekuwa na kazi yoyote pale.

Nne, namna yenyewe ya kuvuta inapotosha. Kuvuta mara moja kwa mstari ulionyooka mpaka kitu kikatike ni jaribio rahisi, lakini hakuna kidole kinachoishi hivyo. Mgonjwa anayefanya mazoezi hukunja na kukunjua mara nyingi kila siku, kwa mzigo mdogo, na kano yake huvutwa ikiwa imepinda kuizunguka pingili. Pruitt, Manske na Fink walichapisha mwaka 1991 majaribio ya kuvuta na kulegeza kwa kurudiarudia, nayo yalionyesha mapengo yakifunguka chini ya mizigo ambayo jaribio la mara moja lingeihesabu kuwa salama. Majaribio ya kuvuta kano ikiwa imepinda nayo yaliushusha uwezo wa mishono. Tena kano iliyoachwa ikakauka kwenye meza ya maabara hukazana na kuushika uzi kuliko kano yenye unyevu, kwa hiyo asiyeilowesha kwa maji ya chumvi muda wote anajipatia namba nzuri isiyo ya kweli.

Tano, na hili huyazidi mengine kwa wepesi wa kusahaulika: kano ya maabara imekufa. Mason na Allen walichapisha mwaka 1941 kazi yao juu ya kupona kwa kano za mbwa, wakaonyesha kwamba siku za mwanzo mshono hupungua nguvu kabla ya kuongezeka, kwa kuwa ncha za kano hulainika. Strickland katika makadirio yake aliichukua nguvu ya wiki ya kwanza kuwa karibu nusu ya ile ya siku ya upasuaji. Uzi katika wiki hiyo haujapungua kitu. Kilicholegea ni kano iliyoushika. Kuongeza nguvu ya uzi ili kukabiliana na ulaini wa kano ni kuimarisha upande ambao haukuwa na tatizo.

Najua jibu ambalo msomaji makini atalitoa hapa, na ni jibu zuri kuliko rai ya awali: basi tutumie mbinu bora pamoja na uzi wenye nguvu kuliko zote, tupate vyote viwili. Ningekubali mara moja kama nguvu hiyo ya ziada isingekuwa na gharama. Lakini ina gharama. Fundo lililorudiwa mara nyingi ili lisiteleze huwa kubwa, na ndani ya ala iliyobana, uvimbe mdogo hukwaruza kwenye pete zinazoshikilia kano. Watafiti wa Mayo Clinic huko Rochester, Minnesota, Peter Amadio na Chunfeng Zhao wakiwa miongoni mwao, wametumia miaka mingi kupima msuguano huo. Kazi yao inaonyesha kwamba aina ya mshono, mahali pa fundo na uso wa uzi hubadilisha sana jinsi kano inavyoteleza. Mshono unaosuguana humlazimu mgonjwa kuvuta kwa nguvu zaidi ili kidole kisogee, na nguvu hiyo huurudia mshono wenyewe. Hivyo mtu anaweza kununua nguvu akaitumia yote kushindana na msuguano alioununua pamoja nayo.

Historia nayo inashuhudia. Waya wa chuma kisichoshika kutu ulitumika kushonea kano tangu enzi za Bunnell, naye alikuwa mmoja wa waliouhimiza. Kwa nguvu na kwa kutovutika, ulizipita nyuzi nyingi za wakati wake, na mwili uliuvumilia vizuri. Hata hivyo onyo la kutoshona katika eneo lile la kidole liliendelea kusimama. Waya ulipinda, ulisumbua kufungwa, na ulikereza. Kilicholiondoa onyo lile ni ushonaji wa uangalifu pamoja na mazoezi ya mapema, ukiwemo mpira mwembamba ambao Kleinert aliufunga kwenye ukucha ili kidole kikunjwe bila msuli kufanya kazi.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu. Uzi wa nailoni au wa polipropilini wa 3-0 au 4-0 ni vitu vya kawaida katika stoo za hospitali zetu. Nyuzi za polietilini zenye majina makubwa ni ghali. Mpasuaji wa hospitali ya mkoa anayeamini rai ile anaweza kujiona hana silaha, akaahirisha kazi au akaifanya kwa moyo nusu, ilhali alichonacho kinatosha kwa nyuzi 4 zilizoshikwa vizuri na mshono wa pembezoni. Anachohitaji zaidi ni muda wa kutosha mezani, mkono uliofundishwa, na mtaalamu wa fiziotherapia atakayemwona mgonjwa ndani ya wiki hiyo hiyo. Huyo wa mwisho ndiye adimu, na ningefurahi kuona sehemu ya fedha zinazotengwa kwa nyuzi za bei ya juu ikienda kumwajiri.

Lipo pia jaribio ambalo halihitaji mashine. Donald Lalonde wa Saint John, New Brunswick, nchini Kanada, ameeneza upasuaji wa mkono kwa ganzi ya lidokaini iliyochanganywa na adrenalini, bila kumlaza mgonjwa usingizi na bila kufunga mpira wa kuzuia damu kwenye mkono. Kano ikishashonwa, kabla ngozi haijafungwa, mgonjwa huombwa akunje kidole na kukikunjua. Mpasuaji huona kwa macho yake: pengo linafunguka au halifunguki, fundo linakwama kwenye pete au linapita. Likifunguka, anashona upya palepale. Likikwama, anapunguza fundo au anaikata kidogo pete inayozuia. Kano hiyo ina unyevu, imepinda kama inavyopinda kila siku, na inavutwa na msuli wake yenyewe. Pale ambapo wataalamu wa usingizi ni wachache, njia hii inamfaa mgonjwa kwa zaidi ya sababu moja.

Sisemi mashine zitupwe. Bila mashine ya kuvuta, Savage asingejua kwamba nyuzi 6 zinazidi 2, na ulinganisho wa haki kati ya mishono miwili, kwa kano za aina moja na uzi wa unene mmoja, bado unahitaji mashine. Ninachodai ni kwamba karatasi inayoletwa mbele ya kamati ya ununuzi ijibu maswali yanayouhusu mshono. Je, uzi ulipimwa ndani ya kano au peke yake? Kano ya mnyama gani, na ilikuwa na unyevu? Ni nyuzi ngapi zilivuka mkato, na kulikuwa na mshono wa pembezoni? Ulivutwa mara moja au mara nyingi? Pengo la milimita 2 lilitokea kwenye mzigo gani? Mwisho wake, uzi ulikatika, fundo lilifunguka, au uzi ulichomoka kutoka kwenye kano? Karatasi yenye namba moja kubwa na isiyojibu hata moja kati ya hayo haijasema lolote kuhusu kidole cha mgonjwa, na kamati ina haki ya kuirudisha kwa aliyeileta.